Tukiita sayansi ishuhudie Gharika, tukubali ihojiwe

Mhariri,

Nyangumi wa Loperot amerudishwa kizimbani. Katika mjadala wa Gharika ya Nuhu unaoendelea kwenye ukurasa wenu wa barua, ametajwa kuwa ushahidi wa kisayansi kwamba maji yaliwahi kufunika dunia nzima. Mifupa yake ilipatikana Turkana, kilomita 740 kutoka pwani ya leo na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Sasa nani tena abishe?

Nabisha, na si kwa sababu nyangumi huyo ni wa uongo. Ni wa kweli. Mifupa ilichimbuliwa 1964, ikapelekwa Marekani, ikapotelea ghalani kwa miaka mingi hadi ilipoonekana tena 2011, na uchambuzi wake ukatoka 2015. Ni wa jamii ya nyangumi wenye mdomo mrefu mithili ya ndege, urefu wake mita 7 hivi, na mwamba uliomshika una miaka milioni 17. Lakini tazama alilala na nani. Mashapo aliyofukiwa ni ya mto na ziwa, na majirani zake ni kasa, mamba na wanyama wa nchi kavu. Hakuna tumbawe hapo, hakuna chaza. Bahari haiwezi kuja bara ikabeba nyangumi mmoja ikawaacha konokono wake wote nyuma. Huyu alipotea njia akapanda mto, kama alivyofanya mwenzake wa jamii hiyo hiyo aliyeingia Mto Thames Januari 2006 hadi katikati ya London, akafa. Kwa hesabu ya watafiti, mahali alipofia palikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari wakati huo. Ardhi ya Afrika Mashariki iliinuliwa baadaye, na mifupa ikainuka nayo.

Kabla hatujaendelea kutupiana visukuku, tukubaliane kwanza tunatafuta nini. Gharika inayosimuliwa katika Mwanzo ilidumu mwaka mmoja na siku kumi, na maji yalipita vilele vya milima kwa dhiraa kumi na tano, yaani karibu mita 7. Mwenye kuamini kwamba Mungu aliyaleta maji kwa muujiza, akayaondoa kwa muujiza na kufuta alama zake, amesema jambo la imani, na hakuna maabara yenye kifaa cha kulipima. Simgusi. Ninayemjibu ni yule anayesema alama zipo na sayansi imeziona. Huyo amejitwisha mzigo wa kuzionyesha.

Maji yakichafuka na kutulia hufuata kanuni ambayo unaweza kuipima jikoni. Chukua chupa ya kioo ya lita moja yenye mdomo mpana. Tia udongo wa kingo za Nyando, vikombe viwili vya chai, jaza maji ya mvua hadi vidole viwili chini ya kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika mbili, kisha iweke mezani na mtu asiiguse. Mchanga mwembamba, wa kipenyo cha milimita 0.1, huzama karibu sentimita moja kwa sekunde. Nusu dakika haijaisha umeshatua chini. Chembe za milimita 0.01 zinahitaji zaidi ya nusu saa kushuka sentimita 20. Mfinyanzi wa milimita 0.002 huchukua saa 15 hivi, na ule wa 0.001 siku mbili na nusu. Ndiyo maana kesho yake utakuta maji yangali na ukungu juu. Wanaojaribu hukosea mahali pawili. Wengine huisogeza chupa ili waone vizuri, wakayavuruga yote. Wengine hutumia maji yenye chumvi ya kupikia, na chumvi hushikanisha mfinyanzi ukashuka upesi kuliko hesabu. Lakini hata ukitia chumvi, mpangilio ni ule ule: kokoto chini, mchanga juu yake, mfinyanzi juu kabisa, mara moja tu.

Wanaoitetea Gharika wana jibu hapa, na si jibu la kipuuzi. Husema maji hayakutulia mara moja. Mawimbi yalikwenda na kurudi, kila wimbi likaweka tabaka lake. Sawa. Mlima St. Helens, huko Marekani, ulipolipuka 1980 uliweka tabaka nyingi za majivu kwa muda mfupi mno, na hakuna mwanajiolojia anayelikataa hilo. Kwa hiyo idadi ya tabaka peke yake haiamui kesi. Kinachoamua ni kile kilichoko kati ya tabaka na tabaka. Ukikuta katikati udongo uliootesha mti, mizizi ikiwa pale pale ilipoota, basi hapo palikuwa nchi kavu, na palikuwa kavu kwa muda. Wimbi halioteshi msitu.

Nenda Rusinga na kipimo hicho. Miamba ya kisiwa hicho ni majivu na takataka za volkeno ya Kisingiri, iliyokuwa hai miaka takribani milioni 18 iliyopita. Mary Leakey alipata huko 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, na watu wengi hukomea kwenye habari ya fuvu. Mimi naona udongo una maneno mengi kuliko fuvu. Kati ya tabaka za majivu kuna udongo wa kale, na ndani yake kuna visiki na mizizi ya miti iliyogeuka jiwe ikiwa imesimama pale ilipoota, pamoja na mbegu na matunda. Volkeno ilimwaga majivu, mvua ikayalainisha, mimea ikaota, msitu ukafunga, kisha majivu mengine yakaja yakafukia. Halafu tena. Mashabiki wa Gharika wameniambia miti hiyo ilielea ikaja kutua ikiwa wima. Shina huweza kuelea na kutua wima, naam. Lakini mizizi midogo iliyopenya udongo chini ya shina na kutawanyika kila upande haikuja kwa kuelea.

Hali ni hiyo pia ukivuka ghuba ukapanda kuelekea Koru, Songhor na Fort Ternan. Fort Ternan pana umri wa miaka milioni 14 hivi, na udongo wake wa kale umesomwa kwa makini kiasi kwamba aina zake zimepewa majina ya Kijaluo. Mmoja unaitwa Chogo, yaani mfupa. Ndani yake kuna vijidonge vya chokaa, vile ambavyo hujijenga polepole ardhini penye msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Mwaka mmoja wa kuwa chini ya maji ya bahari haujengi kijidonge kimoja cha aina hiyo.

Huku kwetu Nakuru anza na ukuta mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil. Ule unga unaochimbwa pale, unaotumika kuchujia bia na kuchanganywa kwenye rangi, wengi hudhani ni chokaa. Siyo. Ni maganda ya diatomu, viumbe vya majini vyenye seli moja vinavyojijengea ganda la silika, vingi vikiwa na upana wa sehemu chache tu za mia za milimita. Uweke chini ya hadubini utaona maganda hayo yenye vitundu vilivyopangwa kama chujio. Diatomu hula mwanga wa jua, na aina zilizoko pale ni za maji baridi yasiyo ya bahari. Ili upate unga mweupe kiasi kile, ziwa lazima litulie, liwe safi, lipate jua, na vizazi kwa vizazi vya diatomu vife na kushuka chini bila tope kuingia kwa wingi. Gharika ni kinyume cha kila moja ya sharti hizo. Maji yenye tope la dunia nzima hayapitishi mwanga, na ganda la diatomu likitua humo hutua limechanganyika na mchanga na mfinyanzi, lisifae hata kuchujia busaa.

Kisha angalia kilicho kati ya tabaka nyeupe: majivu na yale mawe mepesi ya volkeno yanayoelea majini. Na katika mashapo ya mahali hapo pana mashoka ya mkono, mengi yakiwa ya lile jiwe jeusi la kioo cha volkeno, ambayo Louis Leakey aliyapata mwaka 1928. Watu walikaa kando ya maji yale wakachonga. Ziwa lilipanda, likashuka, likapanda tena, na watu wakarudi.

Kupanda kwa maziwa yetu si jambo geni, na naona hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kati ya 2010 na 2020 Ziwa Nakuru lilipanda hadi likameza lango kuu la hifadhi. Ziwa Victoria lilipanda karibu mita mbili na nusu kati ya mwisho wa 1961 na 1964. Zamani zaidi, kati ya miaka takribani 12,000 na 8,000 iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi Afrika Mashariki, Nakuru na Elementaita lilikuwa ziwa moja, na usawa wake ulifika kama mita 180 juu ya ule wa Ziwa Nakuru la sasa. Hyrax Hill, pale kando ya barabara ya Nairobi, ulikuwa umezungukwa na maji. Ufuo wa zamani unaonekana kwenye miteremko, kokoto zimeviringishwa na mawimbi. Sasa panda juu ya mstari huo kuelekea Menengai au Mau. Mashapo ya ziwa yanakoma. Unabaki na majivu, lava na udongo. Mstari wa ufuo unaonyesha maji yalifika wapi, na unaonyesha vile vile kwamba hapo ndipo yalipokomea.

Ziwa Victoria lenyewe linatoa ushahidi ambao ningependa kila mjadala uanze nao. Wanasayansi walishusha mabomba kwenye sakafu ya ziwa wakavuta nguzo ndefu za tope, na matokeo yakatangazwa 1996. Juu kuna mita kadhaa za tope laini lenye diatomu. Chini yake wakakuta udongo mgumu uliokauka, wenye vijizizi vilivyosimama wima na mabaki ya nyasi. Ziwa tunaloliona halina mwisho tukiwa Dunga lilikuwa mbuga, na lilijaa upya kama miaka 15,000 iliyopita. Kina chake kikubwa leo ni mita 80 hivi, kwa hiyo ni kama sinia kubwa. Mvua ikipungua kwa muda mrefu hukauka. Juu ya nyasi zile tope limetua pole pole bila kukatizwa na tabaka lolote la bahari. Anayeweka Gharika miaka 4,500 hivi iliyopita anapaswa kulionyesha humo, kwa sababu tope la miaka hiyo limo, limevutwa, na limesomwa.

Vivyo hivyo Ziwa Suigetsu huko Japani, ambalo sakafu yake ina tabaka nyembamba za kila mwaka zinazorudi nyuma makumi ya maelfu ya miaka, na barafu ya Antaktika, iliyotobolewa hadi kupata rekodi ya miaka 800,000. Barafu huelea. Bahari ingepanda kupita milima, ile barafu isingebaki chini ikisubiri.

Suala la maji yenyewe nitalipitia haraka kwa sababu ni hesabu ya shule. Maji yote ya dunia, ukijumlisha bahari, barafu, maziwa na yaliyo ardhini, ni kilomita za ujazo kama bilioni 1.386. Kufunika Everest, yenye mita 8,849, kunahitaji nyongeza ya bilioni nne na zaidi. Barafu yote ikiyeyuka bahari hupanda mita 65 hadi 70. Kisumu iko mita 1,131. Mvuke wote ulioko angani ukinyesha kwa siku moja utapata sentimita 2.5 za maji. Na ukisema zamani kulikuwa na paa la mvuke juu ya anga, kumbuka kila mita 10 za maji huongeza kanieneo sawa na ya anga nzima tunayoibeba sasa, na kila kilo ya mvuke inapogeuka maji hutoa joto la kuchemsha zaidi ya lita tano za maji yaliyokuwa baridi kama barafu. Nuhu asingezama. Angepikwa.

Ndipo hoja huhamia chini: zile chemchemi za vilindi zinazotajwa katika Mwanzo. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba almasi kutoka Juína, Brazil, ilikuwa na chembe ya madini yaitwayo ringwudaiti, ambayo takribani asilimia 1.5 ya uzito wake ni maji. Magazeti mengi yaliandika kwamba bahari imegunduliwa chini ya ardhi, na kichwa hicho kimeishi muda mrefu kuliko habari yenyewe. Maji hayo si maji ya kuchota. Ni haidrojeni na oksijeni zilizofungwa ndani ya fuwele ya jiwe, kilomita 410 hadi 660 chini, penye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Utwange mwamba huo kwenye kinu usipate tone. Ili yatoke lazima mwamba ubadilike au uyeyuke, na yakitoka yote ndani ya siku arobaini yatakuja na joto lake.

Wenye akili zaidi katika upande ule hawaifuniki Everest. Wanasema milima ilikuwa mifupi na mabonde ya bahari yalikuwa ya kina kidogo, kisha vikabadilika wakati wa Gharika. Hoja hiyo ina hesabu nzuri upande mmoja: dunia ingekuwa laini kama mpira, maji ya bahari yangeifunika kwa kina cha kilomita 2.6. Upande wa pili ndio unaowashinda. Atlantiki ina upana wa kilomita 5,000 hivi penye wastani, na leo hupanuka sentimita chache kwa mwaka. Kuipanua yote ndani ya mwaka mmoja ni kwenda karibu kilomita 14 kwa siku, sakafu yote mpya ikiwa ni mwamba ulioyeyuka wa nyuzi zaidi ya 1,000 unaopoa majini. Tumerudi kwenye sufuria.

Nimesikia pia kwamba wanajiolojia wanachukia neno gharika na wangelikataa hata walione kwa macho. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1923 mwanajiolojia J Harlen Bretz aliandika kwamba jimbo la Washington, Marekani, lilichimbwa na mafuriko makubwa ajabu. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi, kisha chanzo kikajulikana kuwa ziwa lililozuiwa na ukuta wa barafu, na 1979, akiwa na miaka zaidi ya 90, akapewa nishani ya juu kabisa ya fani yake. Na utamu wa habari uko hapa: baadaye wataalamu walipotazama kati ya tabaka za mafuriko hayo wakakuta majivu ya mlipuko wa kale wa St. Helens na mashimo ya wanyama wadogo waliochimba tope likiwa kavu. Mafuriko hayakuwa moja, yalikuwa makumi. Kipimo ni kile kile cha Rusinga.

Wa kwanza kuiacha Gharika ya dunia nzima kama maelezo ya miamba walikuwa makasisi pia. Adam Sedgwick, padri wa Kianglikana na rais wa Chama cha Jiolojia cha London, aliitetea, akaenda kutazama mashapo zaidi, na mwaka 1831 akasimama mbele ya chama chake akaikana hadharani. Hakuacha upadri.

Je, simulizi ilitoka hewani? Sidhani. Iraki ya kale ni tambarare kama Kano, na mito yake miwili hufanya kile Nzoia inachofanya Budalang'i, ila kwa ukubwa zaidi. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alichimba mji wa kale wa Ur huko akakuta mwaka 1929 tope safi la zaidi ya mita mbili na nusu kati ya mabaki ya makazi, akadhani amepata yenyewe. Eridu, mji jirani, haukuwa nalo. Mtu aliyeona maji hadi upeo wa macho ana haki ya kusema dunia yote ilizama. Sisi tuna Simbi Nyaima pale Kendu Bay, kijiji kilichozama usiku kwa sababu watu wa karamuni walimfukuza bibi kizee. Ziwa lipo, ukalizunguke. Shimo lake ni la mlipuko wa volkeno, mvua haikulichimba, na sijawahi kusikia mzee wa huko akidai cheti cha maabara ndipo asimulie wajukuu wasimnyime mgeni chakula.

Kwa hiyo anayetaka kuendelea na mjadala huu kwa jina la sayansi, namwomba kitu kimoja tu. Tabaka la Gharika lazima liwe la umri mmoja kila mahali. Atuambie liko wapi kwenye ukuta wa Kariandusi, mita ngapi kutoka juu, na kama liko juu ya mashoka au chini yake. Kisha atuonyeshe hilo hilo kwenye tope la Ziwa Victoria, juu ya zile nyasi.

Mwalimu wa jiografia,
Nakuru